Kikao cha Kamati ya Harusi Kuhusu Bima na Tumbo la Katibu

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, SEBULENI KWA DADA MKUBWA NA KATIBU, GHOROFA YA TATU. KIKAO KILIITISHWA SAA NNE ASUBUHI, KIKAANZA SAA TANO NA NUSU.

WALIOHUDHURIA
1. Baba Mkubwa – Mwenyekiti (dalali wa mnada, mstaafu)
2. Shangazi – Mjumbe
3. Dada Mkubwa – Mjumbe na mwenye nyumba (muuza vitambaa)
4. Kaka – Mweka Hazina (fundi friji)
5. Wifi, mke wa Kaka – Mjumbe (msusi)
6. Katibu – Katibu, na mwenye tumbo (karani wa mahakama)

MGENI MWALIKWA
Mkaguzi kutoka kampuni ya bima ya afya (alifika kabla ya wakati, tazama Kumb. Na. 7)

HAKUHUDHURIA
Mjomba – alituma salamu, hakutuma sababu.

KUMB. NA. 1/DH: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kugonga kikombe na kijiko, kama alivyozoea mnadani. Aliwataka wajumbe waseme kwa kifupi, kisha akasema yeye mpaka chai ikapoa.

Shangazi aliuliza kama ni adabu kumjadili mtu naye yupo. Kaka alisema kwa utaratibu wa vikao mwenye maslahi hutoka nje. Katibu alikubali kutoka. Aliweka kalamu katikati ya meza na kumwomba yeyote aliye tayari kuandika aichukue. Kalamu ilikaa pale pale. Mwenyekiti aliamua kwamba Katibu abaki, ila asionyeshe hisia. Katibu aliahidi kujaribu. Aliahidi pia, kama afanyavyo kazini, kuyaandika yaliyosemwa kama yalivyosemwa, pamoja na yale yaliyosemwa juu yake.

KUMB. NA. 2/DH: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

(a) Jina la Kamati. Wifi alikumbusha kwamba Kamati hii iliundwa kwa ajili ya harusi yake na Kaka, na kwamba ndoa hiyo sasa ina watoto wawili. Aliona si vizuri kuendelea kuwa mjumbe wa harusi yake mwenyewe. Mwenyekiti alieleza kwamba Kamati haiwezi kuvunjwa kwa sababu viti vya plastiki na masufuria makubwa havijapata pa kwenda. Vifaa hivyo bado viko katika chumba cha pili cha nyumba hii, na ndiyo maana Dada Mkubwa na Katibu, watu wazima wenye kazi zao, wanalala chumba kimoja. Hoja iliahirishwa kwa mara nyingine.

(b) Mapazia. Wifi alisema, akimtazama Mwenyekiti, kwamba bado anangoja maelezo kwa nini siku ya harusi mapazia ya ukumbi yalishushwa wakati wageni bado wanakula. Dada Mkubwa alimjibu Mwenyekiti kwamba mapazia yalikuwa ya dukani kwake, na wageni walikuwa wameanza kuyafutia mikono. Wifi na Dada Mkubwa hawajasemeshana ana kwa ana tangu siku hiyo. Hoja iliachwa ilipo.

(c) Malalamiko ya Katibu. Katibu alikumbusha kwamba alilalamika kuhusu Dada Mkubwa kumchoma ubavuni na mti wa ufagio usiku akiwa amelala, kwa chuki, bila sababu. Dada Mkubwa alisema Katibu anakoroma. Katibu alisema kukoroma si kosa la jinai. Mwenyekiti alisema hayo ni mambo ya chumbani na kikao kina ajenda nzito zaidi.

KUMB. NA. 3/DH: TAARIFA YA KUKATALIWA KWA OMBI

Katibu alitoa taarifa kwamba aliomba bima ya afya ya kazini kwake imlipie upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, ule ambao madaktari hulifanya tumbo kuwa dogo ili mtu ashibe mapema na uzito ushuke. Daktari wake aliandika sababu tatu: sukari, presha, na pumzi inayokatika akiwa usingizini. Kampuni ilijibu kwamba sukari na presha zina vidonge. Kuhusu pumzi, kwa kuwa hospitali ile haina mashine ya kupima usingizi, kampuni iliamua kuwapigia simu jamaa watatu ambao Katibu mwenyewe aliwataja kuwa wanamfahamu vizuri. Wote watatu walisema hana tatizo lolote. Kwa hiyo kampuni imelihesabu ombi lake kuwa ni la urembo, na urembo haulipiwi.

Katibu alikata rufaa. Kampuni imekubali kumtuma Mkaguzi leo saa nane mchana, aje kuwasikiliza jamaa ana kwa ana. Akiondoka hapa na majibu yaleyale, rufaa imekwisha na hakuna nyingine. Mshahara wa karani hauwezi kuulipia upasuaji huo hata akiacha kula kabisa, jambo ambalo Kaka alisema lingemaliza matatizo yote mawili kwa pamoja. Kaka alicheka peke yake.

Kaka aliuliza jamaa hao watatu ni akina nani. Katibu alisema wapo hapa sebuleni. Wajumbe watatu walianza kuangalia vikombe vyao. Kaka aliuliza kwa nini yeye hakutajwa. Katibu alimkumbusha kwamba simu yake huzimwa kila mara watu wenye friji zilizoharibika wanapomtafuta, yaani siku zote.

KUMB. NA. 4/DH: MAELEZO YA WALIOPIGIWA SIMU

(a) Mwenyekiti alieleza kwamba simu ilimkuta ananyoa ndevu. Alisema: "Kijana ananiuliza, mzee, huyu mwanao ana kasoro gani? Mimi maisha yangu yote nimesimama mnadani. Mtu akianza kuuliza kasoro, ujue anataka kushusha bei. Nikamwambia, binti huyu ni chuma. Hana mkwaruzo. Ngazi anapanda huku anaimba."

Katibu aliomba kujua ni lini Mwenyekiti alimsikia akiimba kwenye ngazi. Mwenyekiti alisema ile haikuwa taarifa, ilikuwa lugha ya biashara. Katibu aliomba iandikwe kwamba kwenye ngazi za jengo hili yeye hupumzika kila ghorofa, akijifanya anatafuta funguo kwenye mkoba. Mwenyekiti alisema hakujua. Katibu alisema ndiyo maana ya kujifanya.

(b) Shangazi alieleza kwamba alipigiwa na kijana mwenye sauti nzuri aliyeuliza Katibu anaishi na nani, analala vizuri, na kama ana maradhi ya muda mrefu. "Mwenye akili zake anajua hayo ni maswali ya posa," alisema. "Nikajua kuna mwanamume anaona haya, katuma mtu. Na mimi ningesema nini? Ningemwambia mtoto wa kaka yangu anakatika pumzi? Nani angerudi?" Kwa hiyo alimwambia kijana kwamba Katibu yu buheri wa afya, analala kama mtoto, hajui hata njia ya hospitali, hana gubu, na anapika. Mwisho, kwa kuwa mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, alimpunguzia umri.

Katibu alieleza kwamba barua ya kampuni inauliza kwa nini mwombaji ana umri wa aina mbili. Shangazi alisema angepewa muda angeupunguza zaidi. Hakuonyesha kujuta. Aliuliza tu kama kijana yule wa simu yeye mwenyewe ameoa.

(c) Dada Mkubwa alieleza kwamba alijibu "Hana tatizo" na kukata simu kwa sababu alikuwa na mteja. Aliulizwa kama ni hayo tu. Alisema ni hayo tu, na kwamba mteja alinunua. Katibu hakuridhika na maelezo haya, na uso wake ulionyesha, jambo ambalo Mwenyekiti alilikemea.

KUMB. NA. 5/DH: PINGAMIZI LA DADA MKUBWA

Kabla ya kuendelea, Dada Mkubwa aliomba iandikwe kwamba yeye hakubaliani na upasuaji wenyewe. Alisema: "Mwili huu tumepewa na mama. Mimi ninao, yeye anao. Kama ni wa kwenda kukatwakatwa, basi semeni wazi kwamba mama alikuwa na kasoro." Alisema anawauzia vitambaa wanawake wa kila umbo, na hajawahi kumwona hata mmoja aliyekosa cha kumtosha.

Wifi alimwambia Mwenyekiti kwamba hakuna aliyemtukana marehemu mama mkwe. Dada Mkubwa alimwambia Mwenyekiti kwamba hakuwa anazungumza na wageni. Wifi alimwambia Mwenyekiti kwamba mtu aliyeolewa ndani ya ukoo si mgeni. Mwenyekiti aliwaomba wote wawili waache kumtumia kama dirisha.

Wajumbe walitoa njia za kuepuka kisu. Shangazi alipendekeza maji ya moto na limau. Kaka alijitolea kufunga kufuli kwenye friji. Alikumbushwa kwamba aliwahi kulifunga, na kwamba aliyelivunja hakuwa Katibu, bali yeye mwenyewe alipokuja kutafuta soda. Katibu alieleza kwamba limau amekunywa mpaka meno yakafa ganzi, asubuhi ametembea, usiku amelala na njaa, na kila alichokipunguza kilirudi na wenzake. Daktari alimwambia si uvivu wala ulafi. Katibu aliomba sentensi hiyo isomwe tena kwa sauti. Ilisomwa.

Kisha Katibu aliomba nafasi ya kusema, akajipa. Alisema hana ugomvi na mwili wa mama. Alibebwa na mwili ule, alilala juu yake, na mpaka leo hajaona mto unaoufikia. Lakini Jumapili ile, baada ya chakula cha mchana, mama alisinzia kwenye kiti na hakuamka. Daktari alipouliza kama alikuwa mgonjwa, familia nzima ilijibu, "Alikuwa hajambo." Mwakani Katibu atafikisha umri aliokuwa nao mama siku ile. Katibu anaogopa kulala. Aliomba iandikwe hivyo bila kupunguzwa, na kwa kuwa mwandishi ni yeye, imeandikwa.

Kwa muda hakuna aliyegusa biskuti. Mwenyekiti alisafisha koo na kusema hoja imepokelewa. Kaka alikwenda jikoni kuangalia friji, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Dada Mkubwa alichukua vitambaa vya meza kwenye kikapu na kuanza kuvikunja, ingawa vilikuwa vimekunjwa tayari.

KUMB. NA. 6/DH: MAZOEZI YA KUSEMA UKWELI

Iliazimiwa, Dada Mkubwa akiwa hakupiga kura, kwamba Mkaguzi aambiwe ukweli. Kwa kuwa wajumbe hawakuwa na uzoefu, Wifi alipendekeza yafanyike mazoezi. Kaka aliteuliwa kuwa Mkaguzi. Alivaa miwani ya Shangazi na kukunja uso.

Kaka alimwuliza Shangazi: "Mgonjwa anaendeleaje?"

Shangazi alijibu: "Hajambo, tunashukuru."

Alirudishwa mwanzo. Akajibu vilevile. Aliporudishwa mara nyingine alisema neno hilo linatoka lenyewe, kama chafya, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kusikia mtu akijibu vinginevyo, hata kwa maiti. Mwenyekiti alimwambia asogee amwonyeshe. Alipoulizwa yeye, alijibu kwa sauti ya mnadani: "Hajambo kabisa! Wewe je?"

Katibu alieleza kwamba mahakamani shahidi hujibu kile alichoulizwa tu, kwa alichokiona kwa macho yake na kukisikia kwa masikio yake. Wifi alishauri kwamba kila mjumbe aanze jibu lake kwa neno "Hapana", ili ulimi usiteleze. Ushauri ulipokelewa. Kaka alimwuliza Mwenyekiti, "Habari za nyumbani, mzee?" Mwenyekiti alijibu, "Hapana." Wajumbe walikubaliana kwamba hayo ni maendeleo.

KUMB. NA. 7/DH: KUWASILI KWA MKAGUZI

Mlango uligongwa saa saba, mazoezi yakiwa hayajafika kwenye swali la usingizi. Ulichelewa kufunguliwa kwa sababu Shangazi alitaka kwanza kubadilisha kilemba.

Mkaguzi alisimama mlangoni ameshika ukuta, jasho likimtiririka, hawezi kusema. Ni mwanamume mnene. Ni mnene kuliko Katibu, na ni mnene kuliko Dada Mkubwa. Kwa mkono mmoja alionyesha kitambulisho, na kwa mkono wa pili aliomba apewe dakika.

Katibu anapenda ieleweke vizuri kilichotokea hapa. Wajumbe hawa, waliokwisha kuazimia kusema ukweli kuhusu unene, walimwona mgeni, na adabu ikawakaba koo. Nani angemwambia mtu aliyetoka kupanda ghorofa zote hizo kwamba mwili kama wake ni ugonjwa? Kaka alimsogezea kiti cha plastiki cha Kamati, chenye mikono. Kabla mgeni hajajaribu kukikalia, Dada Mkubwa alikiondoa bila neno na kuleta kile cha jikoni kisicho na mikono, ambacho hukikalia yeye. Mkaguzi alimtazama, akasema ahsante, akakaa.

Mkaguzi aliuliza kama uzito wa Katibu unamsumbua katika shughuli zake. Mwenyekiti alifikiri sana, akasema, "Hapana. Mwili ni neema tu." Shangazi aliongeza kwamba watu wenye miili wana subira na hawana makuu, kisha akamwuliza Mkaguzi kama ana mke. Mkaguzi alisema anaye. Shangazi alirudi nyuma kwenye kiti. Wifi alianza sentensi yenye neno "unene", akamwona mgeni anajifuta shingo, akaimalizia kwa kuuliza nani anaongezewa chai.

Mkaguzi aliweka kalamu chini. "Wazee wangu," alisema, "msinionee haya. Kioo ninacho nyumbani. Niambieni habari za huyu dada."

Kaka, akiona mambo yanakwenda mrama, aliamua kuokoa jahazi. Alitia chumvi. Alisema Katibu hawezi kutembea, macho yake hayaoni mbali wala karibu, na kwamba amewahi kufa mara mbili. Mkaguzi aliuliza mara hizo mbili zilikuwa lini. Kaka alisema moja ilikuwa mwaka jana, wakati wa mvua. Katibu, ambaye mwaka jana hakukosa kazini hata siku moja, aliinamisha kichwa.

Mkaguzi alianza kurudisha karatasi zake kwenye mkoba. Alisema kwa upole kwamba ofisini kwao kuna maelezo ya watu watatu wanaosema mwombaji ni mzima kabisa, na hapa yupo anayesema alishakufa, na yeye hajui aandike lipi. Alisema anasikitika. Katibu alimwamini kwamba anasikitika. Hakuingilia, kwa sababu mwombaji hajitolei ushahidi mwenyewe.

Akiwa anafunga zipu ya mkoba, Mkaguzi aliuliza, kama mtu anayeuliza ili asiondoke kimya: "Hivi nani analala naye chumba kimoja?"

"Mimi," alisema Dada Mkubwa.

Aliulizwa usiku anasikia nini. Maneno yake yalikuwa haya:

"Nasikia anakoroma. Akikoroma nafurahi, najua yupo. Shida ni akinyamaza. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Na kimya chenyewe si cha mtu anayepumua, mimi nakijua. Nangoja. Nikiona kinazidi namchoma na mti wa ufagio. Magoti yangu hayawezi kuruka kitandani kila saa, kwa hiyo ufagio naulaza hapa, pembeni ya mto. Nikimchoma anashtuka, anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani, ananitukana, analala tena. Halafu tunaanza upya."

Mkaguzi aliuliza hali hii ni ya tangu lini.

"Tangu mama afariki, mimi ndiyo kazi yangu."

Mkaguzi aliuliza kwa nini basi alipopigiwa simu alisema hana tatizo. Dada Mkubwa alimtazama Katibu, kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze.

"Kwa sababu mngemchukua mkamlaze mahali ambapo mimi sipo," alisema. "Hapa usiku niko macho. Huko nani atakaa macho? Mama alisinzia mimi nikiwa dukani. Siku moja tu sikuwepo. Moja tu."

Katibu hakuandika kwa muda. Sehemu hii imejazwa baadaye kwa msaada wa kumbukumbu za Wifi. Malalamiko yaliyo katika Kumb. Na. 2(c) yamefutwa na mlalamikaji, ambaye anaomba pia yafutwe maneno "kwa chuki, bila sababu" popote yalipoandikwa katika vikao vilivyotangulia.

Mkaguzi alifungua tena mkoba. Alimweleza Dada Mkubwa kwamba wagonjwa wa upasuaji huu hulazwa kwenye chumba chenye mashine ya pumzi, na wauguzi wa zamu wanaolipwa ili wasilale. Dada Mkubwa aliuliza kama ana hakika hawalali. Mkaguzi alisema kwa wauguzi hawezi kuapa, ila mashine ikikosa pumzi hupiga kelele mpaka aje mtu. Dada Mkubwa alitafakari. Alisema mashine ya namna hiyo anaweza kuelewana nayo.

Kisha aliulizwa kama bado anapinga upasuaji. Alisema hakuwahi kupinga upasuaji, alipinga kubaki nyumbani akingoja simu. Wajumbe waliokuwa na kumbukumbu ya Kumb. Na. 5 walinyamaza kwa busara.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, akimwuliza Dada Mkubwa maswali madogo madogo, naye akiyajibu bila kuongeza wala kupunguza. Alipomaliza alisema uamuzi si wake, ni wa wakubwa zake, lakini ataandika kwa mkono wake kwamba ombi hili si la urembo, na kwamba mwombaji ana umri mmoja tu. Shangazi aliangalia dirishani.

Alipofika mlangoni, Mkaguzi aligeuka. "Na wewe, dada yangu," alimwambia Dada Mkubwa, "ukilala wewe, nani anakusikiliza?"

Dada Mkubwa alisema yeye huwa halali sana. Mkaguzi alitikisa kichwa kama mtu anayeijua habari hiyo, akaanza kushuka ngazi polepole.

KUMB. NA. 8/DH: MENGINEYO

(a) Kaka alitakiwa kueleza vifo viwili vya Katibu. Aliomba radhi kwa kimoja.

(b) Katibu alisema swali la Mkaguzi halijajibiwa. Bima ikikubali, yeye atalazwa, na Dada Mkubwa atabaki peke yake chumbani. Aliendelea kusema kwamba hata leo Dada Mkubwa yuko peke yake, kwa sababu aliye kwenye kitanda cha pili amelala fofofo. Mwili ni uleule wa mama. Mmoja amekuwa akilindwa usiku kucha na mwingine hana wa kumlinda. Katibu alisema jambo hili limemuumiza kuliko barua ya kampuni. Mwenyekiti hakumkemea.

Dada Mkubwa alisema yeye si duka, hahitaji mlinzi. Wajumbe hawakumjali.

Mwenyekiti alijitolea kuja kulala kwenye viti vya sebuleni. Shangazi, kutoka upande wa pili wa chumba, alimwuliza kwa sauti ya kawaida kama masikio yake yanatosha kwa kazi hiyo. Mwenyekiti aliuliza, "Nani kaosha nini?" Alishukuriwa kwa moyo wake. Kaka alijitolea. Wifi alieleza kwamba kabati la vyombo liliwahi kuanguka chumbani kwao usiku na Kaka akageukia upande wa pili. Alishukuriwa. Shangazi alisema yeye mwenyewe anakoroma, na wakikoroma wawili hakuna atakayemsikia mwenzake.

Wifi alinyoosha mkono. Alisema watoto wake wote wawili walizaliwa na vifua vibovu, na tangu hapo hasikii saa wala mvua, ila pumzi ikibadilika anaisikia hata mlango ukiwa umefungwa. Alisema hana haja ya kungoja jibu la bima. Anaweza kutandika godoro katikati ya vitanda viwili, awasikilize wote. Alisema haya yote akimtazama Dada Mkubwa, si Mwenyekiti.

Safari hii Dada Mkubwa hakumgeukia Mwenyekiti.

(c) Katibu alipendekeza kwamba Dada Mkubwa naye aende kwa yule daktari. Dada Mkubwa alikataa. Alikataa tena. Kisha aliuliza kama foleni huwa ndefu. Iliazimiwa kwamba aende Jumatatu, akisindikizwa. Katibu alimweleza kwamba naye ataulizwa majina ya watu wanaomfahamu vizuri, wa kupigiwa simu, na kwamba achague kwa uangalifu. Mwenyekiti na Shangazi walikaa wima.

Dada Mkubwa alimtaja Katibu. Alikunja kitambaa kimoja cha meza, akakikunjua. Kisha akasema, "Mwandike na huyu," akimwonyesha Wifi kwa kidevu.

Wifi alishtuka. "Lakini Dada," alisema, "mimi sikujui kiasi hicho. Hatujasalimiana tangu siku ya harusi yangu."

"Utanijua," alisema Dada Mkubwa. "Njoo leo. Uje na shuka."

KUMB. NA. 9/DH: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alikifunga kikao saa kumi na robo jioni, baada ya kuhakikishiwa kwamba hakuna tena mtu wa kuulizwa chochote.

Imethibitishwa kuwa ni sahihi:

……………………
Baba Mkubwa
MWENYEKITI

……………………
Mdogo wake Dada Mkubwa
KATIBU